Tycho Brahe alikosea, lakini hoja yake ilikuwa nzito

Ninapofundisha astronomia, wanafunzi wengi huamini kwamba ni dini tu iliyochelewesha watu kukubali kuwa Dunia hulizunguka Jua. Sikubaliani nao. Pingamizi zito kuliko yote lilikuwa la kisayansi, na aliyelishikilia alikuwa mpimaji nyota hodari kuliko wote wa zama zake, Tycho Brahe wa Denmark.

Kama Dunia inazunguka, nyota tuliyoitazama Januari tutaitazama Julai tukiwa ng'ambo ya pili ya Jua. Nyota iliyo karibu lazima ionekane imesogea mbele ya zile za mbali. Msogeo huo ndio paralaksi. Tycho, bila darubini, alipima pembe hadi kama dakika 1, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Hakuona msogeo wowote. Akapiga hesabu: ili paralaksi ijifiche hivyo, nyota zingepaswa kuwa mbali angalau mara 700 kuliko Zohali. Tena machoni pake nyota zilikuwa viduara vyenye upana, kwa hiyo kwa umbali huo kila moja ingelipita Jua kwa ukubwa usioaminika. Upana ule ulikuwa kiini macho tu cha mwanga unaotawanyika, ila wakati huo nani angejua?

Hata awamu za sayari ya Zuhura, yaani maumbo yake yanayobadilika kama ya Mwezi, alizoziona Galileo mwaka 1610 hazikumwangusha Tycho. Zilimwangusha Ptolemaio, mtaalamu wa kale aliyeiweka Dunia katikati ya vyote. Katika mfumo wa Tycho sayari nyingine hulizunguka Jua, nalo Jua huizunguka Dunia, kwa hiyo awamu zilezile zingeonekana.

Ushahidi ulianza kupatikana mwaka 1729. James Bradley, akiwinda paralaksi, alikuta msogeo mwingine, wa takriban sekunde 20 (sekunde ya pembe ni sehemu ya 60 ya dakika), unaotokana na mwendo wa Dunia ukilinganishwa na kasi ya mwanga. Paralaksi yenyewe Friedrich Bessel aliitangaza mwaka 1838, kwa nyota ya 61 Cygni: kama theluthi ya sekunde. Ni sawa na kuona upana wa sarafu ya sentimita 2 ukiwa kilomita 13 kutoka ilipo.

Thomas Henderson alikuwa ameshaipima paralaksi ya nyota ya Alpha Centauri kutoka Rasi ya Tumaini Jema mnamo 1832 na 1833, akachelewa kuchapisha hadi 1839. Sisi wa Afrika Mashariki tunaiona vizuri upande wa kusini usiku wa Mei, lakini Denmark haichomozi kabisa. Na hata Tycho angeiona, paralaksi yake ni ndogo mara 80 kuliko alichoweza kupima.