Fremu moja ya Kongwa: kutoka bahasha kuukuu hadi mbele ya majaji

Albamu iliyojaa stempu nzuri si onyesho. Wakusanyaji wengi hukwama hapo wanapoanza kushindana: wanapanga stempu kwa mwaka na thamani, wanakamilisha seti, karatasi inapendeza, kisha majaji wanapita bila kusimama. Jaji anataka kujua umeeleza jambo gani, na kila ulichobandika kinathibitisha nini katika jambo hilo.

Angalia alama zinavyogawanywa. Shirikisho la dunia la wakusanyaji stempu, FIP, lililoundwa Paris mwaka 1926, hupima onyesho la historia ya posta kwa alama 100: uchambuzi wa mada 20, umuhimu wa mada 10, maarifa na utafiti 35, hali ya vielelezo 10, uadimu 20, mwonekano 5. Mwonekano ni tano tu. Anayehangaika wiki nzima na kingo za rangi na maandishi ya mapambo anapigania alama hizo tano, huku 35 za utafiti zikimsubiri.

Kwa mtu wa Dodoma hiyo ni habari njema, kwa sababu utafiti haununuliwi mnadani. Anza na fremu moja, yaani karatasi 16 za A4 katika safu nne za karatasi nne nne, na uchague mada inayoijaza bila kumwagika. Mimi napendekeza barua za Kongwa wakati wa mradi wa karanga.

Mradi ulianza mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula, na Kongwa ikawa ya kwanza kufyekwa, kisha Urambo na Nachingwea. Usimamizi ulianza na United Africa Company, na mwaka 1948 ukahamia Overseas Food Corporation, shirika la serikali ya Uingereza. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, mvua hazikutosha, mashine zikaharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kiposta maana yake ni hii: mahali padogo palijaa ghafla watu wenye ndugu ng'ambo, wakaandika barua kwa miaka michache, kisha wakaondoka. Mada ina mwanzo na mwisho unaojulikana, na hilo ndilo jaji analitafuta kwenye karatasi ya kwanza.

Stempu zenyewe si adimu. Ni za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye picha ya Mfalme George VI, zilizotoka kuanzia 1938. Zichunguze meno hata hivyo, yaani kingo zilizotobolewa. Meno huhesabiwa kwa idadi ya matundu ndani ya sentimita 2, na stempu za toleo hili zilitobolewa kwa vipimo tofauti mwaka hadi mwaka. Stempu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuachana sana kwa bei. Toleo la 1949 la miaka 75 ya Umoja wa Posta Duniani linaangukia katikati ya kipindi chako, kwa hiyo bahasha ya Kongwa iliyolitumia kwa barua ya kweli ina thamani kuliko seti safi isiyotumika.

Unachotafuta ni bahasha nzima yenye muhuri wa Kongwa unaosomeka tarehe. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kukata stempu kwenye bahasha na kuiloweka. Ukishafanya hivyo umefuta njia iliyopita barua, nauli iliyolipwa, mihuri ya nyuma na anwani. Umebaki na stempu ya kawaida. Barua nyingi za aina hii ziliishia Uingereza, kwa hiyo wauzaji wa huko na minada ya mtandaoni ndiko zinakopatikana zaidi. Hapa nchini uliza kwa familia na misheni. Ila bahasha iliyo ndani ya jalada la ofisi ya umma usiichomoe: ni nyaraka ya serikali, hata kama jalada limelala stoo.

Mgawo wa karatasi ningeufanya hivi. Ya kwanza ni utangulizi: kichwa, sentensi tatu au nne za lengo, mpango wa sura, na ramani ndogo inayoonyesha reli ya kati na Kongwa. Ya pili na ya tatu, posta ya eneo kabla ya mradi. Nne zinazofuata, barua zinazotoka, na hapa ndipo fremu inapata uzito: nauli ya barua ya kawaida, ya ndege, na ya rejesta, kila moja na hesabu yake. Andika uzito, nauli ya kipindi hicho, na jinsi stempu zilizobandikwa zinavyojumlika. Kama stempu zimezidi nauli, sema zimezidi. Jaji atahesabu mwenyewe. Karatasi tatu ziende kwa mihuri: kama umepata ya aina mbili, onyesha tarehe ya mapema na ya mwisho uliyoiona kwa kila aina. Tatu nyingine ni za barua zinazoingia na za ofisi ya mradi. Zinabaki tatu za mwisho: kupungua kwa barua na kufungwa. Karatasi moja ikikosa kielelezo chenye nguvu, punguza sura hiyo uongeze nyingine. Usiijaze kwa stempu za kuziba pengo, maana pengo lililozibwa huonekana kutoka mbali.

Nakala za mihuri ya nyuma zinaruhusiwa, mradi zitofautiane na kitu halisi kwa ukubwa wa angalau asilimia 25, ili mtu asizidhanie kuwa asili. Kielelezo cha bei au chenye shaka kipelekwe kwa wataalamu kikapate cheti. Cheti huwekwa nyuma ya karatasi ndani ya mfuko, na mbele unataja kwamba kipo. Hili ni la lazima zaidi kwa anayechagua enzi ya Wajerumani, mihuri ya Mpwapwa iliyoandikwa «Mpapua» au ya Kilimatinde, kwa sababu mihuri ya makoloni ya Kijerumani imeghushiwa sana.

Karatasi iwe nyeupe au krimu, isiyo na asidi, gramu 160 hadi 200. Bahasha ishikwe kwa vipande vya plastiki vya pembeni. Selotepu hapana kabisa: gundi yake inageuka njano na kupenya karatasi. Mifuko ya PVC nayo hapana, inatoa kemikali zinazoshambulia wino.

Hali ya hewa yetu inahitaji uangalizi wake. Kiangazi cha Dodoma hukausha gundi, nayo ikisinyaa stempu mpya inajikunja kama bomba. Usiinyooshe kwa kidole, itavunjika nyuzi. Iache ndani ya boksi lenye unyevu kidogo mpaka ilegee yenyewe. Mvua za Desemba hadi Aprili huleta shida ya kinyume, gundi kushika karatasi, kwa hiyo weka vipakiti vya silika na usimamishe albamu wima bila kuzibana. Vumbi jekundu ni la mwaka mzima. Osha mikono, tumia kibano.

Kabla ya kutuma, pata ubao wa mazoezi. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikikatwa na seremala inatoa mbao mbili za sentimita 122 kwa 95, na karatasi 16 zinakaa kwenye kila ubao. Zipange, simama hatua mbili nyuma, uone kama safu moja imejaa bahasha na nyingine maneno.

Ngazi za medali za FIP ni hizi: shaba 60, fedha-shaba 65, fedha 70, fedha kubwa 75, vermeili (fedha iliyopakwa dhahabu) 80, vermeili kubwa 85, dhahabu 90, dhahabu kubwa 95. Anayeingia mashindano ya dunia mara ya kwanza kwa onyesho la kawaida hupewa fremu tano, karatasi 80. Akifikia alama 85 anaruhusiwa nane. Juu ya medali kuna heshima za mtu mwenyewe, na kubwa kuliko zote ni Orodha ya Wakusanyaji Mashuhuri, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1921, Mfalme George V akiwa wa kwanza kuisaini. Chama kikongwe cha London, Royal Philatelic Society, kilichoanza 1869, hupokea wanachama wa nje, na kundi la wakusanyaji la East Africa Study Circle hushughulikia posta ya eneo letu. Uanachama huko unakupa watu wa kukuthibitishia nauli na mihuri.

Majaji wakishamaliza, omba karatasi ya alama. Kama utafiti umepata chini ya 25, rudi kwenye zile karatasi nne za nauli kabla ya kununua bahasha nyingine.