Padre Brébeuf hakuuawa na Wahuroni

Wengi hudhani padre Mjesuiti Jean de Brébeuf aliuawa na Wahuroni, wenyeji wa asili aliowahubiria, huko Ontario ya leo, Kanada. Sivyo. Machi 1649 aliuawa na Wairokoi, mahasimu wa Wahuroni, na Wahuroni wengi waliangamia katika uvamizi huohuo.

Ni kweli, magonjwa ya mlipuko yalipowafyeka miaka ya 1630, wenyeji waliwashuku mapadre kuwa wachawi, hata wakatishia kuwaua. Ila hawakuwafukuza. Brébeuf alijua lugha yao. Wao wakamwita Echon. Mwaka 1637 aliwaandikia mapadre wageni maagizo, na mimi nayapenda kwa adabu yake: msiwacheleweshe wenye mtumbwi, msiingie na mchanga miguuni, uji wao wa mahindi uleni hata ukiwa mbichi nusu.