Kurekebisha mkono wa tremolo kwenye gitaa la umeme: maana yake hasa

Mkono wa tremolo ni kile kichuma chembamba kilichopinda kinachochomoza kwenye daraja la gitaa la umeme, yaani chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa. Mpigaji akiukandamiza, sauti za nyuzi zote hushuka kwa pamoja; akiuvuta juu, hupanda; akiutikisa kidogo kidogo, sauti hutetemeka. Hilo ni rahisi kuelewa. Kinachochanganya ni pale mtu anaposema mkono wake unataka kurekebishwa, kwa sababu anaweza kuwa analalamikia mambo mawili tofauti kabisa. Huenda mkono wenyewe umelegea na unaning'inia kila akiuachia. Au huenda gitaa haliko tena kwenye sauti yake baada ya kuutumia. La kwanza ni kazi ndogo. La pili ndilo linalowafanya watu wachukie tremolo, na mara nyingi dawa yake iko mgongoni mwa gitaa, si mkononi.

Tuanze na lile jepesi. Kwenye Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ililitoa mwaka 1954 na ambalo mfumo wake unaigwa hadi leo, mkono una hesi mwishoni na huingizwa kwa kuzungushwa kwenye tundu la kipande kizito cha chuma kilicho chini ya daraja. Usiukaze hadi ugome. Ukilazimishwa, unaweza kukatikia ndani, na kukitoa kile kipande kilichobaki ni adhabu. Uzungushe mpaka ushike, kisha urudishe nyuma kidogo hadi ukae pale mkono wako unapoupata bila kuutafuta. Ukichezacheza ndani ya tundu, angalia kama kuna springi ndogo ambayo hukaa chini kabisa ya tundu kuusukuma mkono ili hesi zibane. Kama haipo, zungushia hesi utepe mweupe wanaotumia mafundi bomba, tabaka moja au mawili, na kelele zitakwisha. Ukinunua mkono mpya, hakikisha hesi zinalingana: magitaa mengi ya Marekani hutumia vipimo vya inchi, mengi ya Asia ya milimita, na mkono usio wake utaharibu tundu.

Sasa geuza gitaa na ufungue kile kifuniko cha plastiki cha nyuma. Utaona kipande cha chuma cha daraja kikishuka ndani ya mbao, na springi, kwa kawaida tatu, ingawa nafasi zipo tano, zimenasishwa humo. Upande wa pili springi hizo zimeshikwa na bamba lenye ndoano, na bamba limefungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Hapo ndipo penye siri yote. Nyuzi zinalivuta daraja liinamie mbele, kuelekea shingoni. Springi zinalilaza nyuma. Ni mchezo wa kuvutana kamba ambao hauna mshindi: daraja hukaa pale nguvu za pande mbili zinapokuwa sawa. Kurekebisha tremolo, basi, ni kuchagua mahali pa kusimamisha mvutano huo.

Mvutano wenyewe si mdogo. Kwenye gitaa lenye shingo ya urefu wa Stratocaster, seti ya nyuzi inayoanzia unene wa inchi 0.009 huvuta kwa jumla takriban kilo 38 ikityuniwa kawaida. Inayoanzia 0.010 hufika karibu kilo 46. Kwa hiyo mtu aliyebadilisha tu unene wa nyuzi ameongeza kilo nane upande mmoja na upande wa pili ameuacha vilevile. Daraja litainuka, nyuzi zitapanda juu ya freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni), na atadhani gitaa limeharibika. Halijaharibika.

Utaratibu ni huu. Tyuni gitaa kwanza, halafu litazame daraja kutoka ubavuni. Fender hupendekeza nyuma ya daraja pawe na uwazi wa milimita 3.2. Kama limeinuka kupita hapo, kaza skrubu za bamba. Kama limelala kuliko unavyotaka, zilegeze. Nusu mzunguko kila moja yatosha kwa hatua moja. Bisibisi iwe ya saizi sahihi, maana vichwa vya skrubu hizo huchakaa upesi, na uwe mwangalifu na waya uliochomelewa kwenye bamba, kwani ndio wa arthi. Ukikatika gitaa litaanza kunguruma kwenye spika.

Kisha tyuni tena. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu ukikaza skrubu sauti zote hupanda, na ukizishusha daraja nalo linahama. Ukiupandisha uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, daraja huinama na ile mitano mingine hushuka. Ukimaliza wa kwanza, wa sita haupo tena ulipouacha. Hakuna kilichoharibika, ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Zunguka nyuzi zote, rudia, na kila mzunguko tofauti itapungua. Usiamue lolote kuhusu urefu wa daraja kabla gitaa halijakaa kwenye sauti zake, kwa sababu unachokiona kabla ya hapo si mizani halisi.

Je, liwekwe wapi? Daraja linaloelea, yaani lenye uwazi nyuma, hukuruhusu kupandisha na kushusha sauti. Wapo wapigaji wanaolipima kwa sikio: wanalegeza springi mpaka mkono ukivutwa hadi mwisho, uzi wa tatu upande kwa nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ya freti moja), wa pili kwa mbili na wa kwanza kwa moja. Ni kipimo kizuri kuliko rula, kwa sababu kinakupa kitu cha kimuziki. Lakini kuelea kuna gharama. Ukikunja uzi mmoja kwa kidole, yaani ukiusukuma pembeni ili sauti yake ipande, mingine mitano hushuka, na ukipiga mbili pamoja zitasikika hazipatani. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, springi hushinda na yote iliyobaki hupanda. Hata kiganja kikiegemea darajani sauti hubadilika.

Kwa anayeanza, ningesema daraja lilale juu ya mwili wa gitaa. Kaza skrubu mpaka liguse mbao, ongeza kama nusu mzunguko ili lisiinuke unapokunja nyuzi, na ridhika na kushusha tu. Mpigaji gitaa wa Uingereza, Eric Clapton, alikwenda mbali zaidi: anajulikana kwa kuziba nafasi ya nyuma kwa kipande cha mbao ili daraja lisitikisike kabisa. Si dhambi.

Ukishapata mizani na bado gitaa halirudi kwenye sauti yake, adui ni msuguano. Mshukiwa wa kwanza ni kile kipande chenye mifereji ambacho nyuzi hupitia zikitoka kichwani kuingia shingoni. Dalili ni mlio wa "ting" unapotyuni, au uzi kubaki juu ya sauti yake baada ya mkono kukandamizwa na kuachiwa: umenasa kwenye mfereji. Sugua humo risasi ya penseli, ambayo ni grafiti, kila unapobadilisha nyuzi. Punguza pia mizunguko ya uzi kwenye vigingi vya kichwani, na upake mafuta ya mgando kiasi cha ncha ya kijiti pale daraja linapoegemea skrubu zake.

Mvumbuzi wa Kimarekani, Floyd Rose, alilishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine mwishoni mwa miaka ya 1970: alizibana nyuzi kwa vyuma kichwani na darajani, zisipate pa kuteleza, kisha vikaongezwa viskrubu vidogo darajani vya kutyuni baada ya kubana. Mizani ya springi ni ileile, ila bamba la daraja hapa kwa kawaida hutakiwa kuwa sambamba na mwili wa gitaa. Bigsby, aina nyingine ya tremolo, ni habari nyingine: ina springi moja fupi chini ya mkono wenyewe, haina bamba la mgongoni, na imekusudiwa mitetemo midogo tu.

Kwa mifumo yote inayoelea, badilisha uzi mmoja mmoja, ukiutyuni kabla ya kutoa unaofuata. Ukitaka kuzitoa zote kwa pamoja ili usafishe shingo, kwanza ingiza kitambaa kilichokunjwa au kibao chini ya nyuma ya daraja, lisilale springi zitakapobaki peke yake.