Ganda gumu la yai si kipimo cha mifupa ya kuku

Wafugaji wengi huamini kwamba kuku wa mayai akitaga mayai yenye ganda gumu, basi madini ya kalisi yanamtosha na mifupa yake iko salama. Ni wazo linaloeleweka, maana ganda ndilo tunaloliona.

Ila mwili wa kuku hulipa yai kipaumbele kuliko mifupa. Ganda moja hubeba takriban gramu 2 za kalisi, na sehemu kubwa hujengwa usiku, wakati kuku hali chakula. Pengo hilo huzibwa na akiba iliyo ndani ya mifupa. Miezi ya kutaga ikienda, mifupa inayobeba mwili hukonda huku ganda likibaki zuri tu.

Chokaa ya chengachenga au makombe ya chaza husaidia, kwani huyeyuka polepole usiku kuliko chokaa ya unga. Vitamini D na fosforasi pia zinahitajika. Lakini lishe peke yake haimalizi kazi: kuku wa vizimba finyu hukosa mazoezi na mifupa hudhoofika, na walio huru hugonga vitulio vya juu wakatua vibaya.

Kujihakikishia ni rahisi. Mshike kuku kwa utulivu, umwegemeze mwilini mwako, kisha pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari toka mbele hadi nyuma. Mfupa huo unapaswa kuwa umenyooka. Ukigusa kinundu, kona kali au mpindo, huenda ulivunjika au umepinda, hata kama asubuhi hiyo ametaga. Wapime kuku kadhaa, wa rika mbalimbali.