Sato Anakula Ndoano, Tatizo ni Ndoano Yako

"Ndoano kubwa, samaki mkubwa." Maneno haya hayakosekani kwenye mialo wala kwenye maduka ya zana za uvuvi kuanzia Mwanza hadi Kisumu, na anayeyasema kwa kawaida amerudi mikono mitupu. Ameshinda asubuhi nzima kando ya mafunjo, chambo kimeliwa mara ishirini, ndoano imerudi inang'aa. Hapo huongeza kosa juu ya kosa: sato (tilapia, au ngege) hali ndoano, sato ni samaki wa wavu.

Anakula. Anakula nyungunyungu, kumbikumbi, donge la ugali na donge la unga wa ngano, na anakula mchana kweupe mita tatu kutoka ulipokaa. Asichoweza ni kuingiza kinywani chuma ulichomtengea sangara.

Mazoea haya ya ndoano kubwa yanatoka kwa sangara. Sangara ni mwindaji, hufumbua domo na kumeza samaki mzima pamoja na ndoano iliyo ndani yake, ndiyo maana ndoano za migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, zimejaa madukani na ndizo mtu anazouziwa akisema tu "nataka ndoano". Sato ameumbwa vingine. Kinywa chake ni kidogo, meno yake ni mafupi na mengi, yanakwaruza kama msasa. Sato haumi. Anafyonza chakula pamoja na maji, anakionja, kisha anapuliza nje chochote kigumu. Akikutana na donge laini lililozungushiwa chuma kinene, ananyofoa pembeni kidogo kidogo mpaka liishe. Wewe unaona boya linatikisika, unavuta, hakuna kitu, unasema samaki wa siku hizi wajanja.

Sato wa kilo moja na nusu anashikwa vizuri kabisa na ndoano ndogo. Mfumo wa namba za kawaida za maji baridi unakwenda kinyume, namba ikipanda ndoano inapungua, na sato unamtafuta kati ya namba 8 na 10. Lakini usiiamini namba peke yake, kwa sababu namba 10 ya mgonzo si namba 10 ya ndoano ya mto. Nenda na rula. Pima uwazi kati ya ncha na mti wa ndoano: milimita 5 hadi 7 inatosha. Ikifika 10, irudishe kwenye kopo. Waya nao uwe mwembamba, kwa sababu waya mnene unahitaji nguvu ili uzame kwenye nyama, na midomo ya sato inachanika kabla nguvu hiyo haijafika. Jaribu ncha juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo au uibadilishe.

Ukibadilisha ndoano ukaacha vingine kama vilivyokuwa, utapata nusu ya faida. Mshipi wa milimita 0.20 hadi 0.25 unatosha, ukichukua wa 0.25 pale magugu yanapokuwa mazito. Chubwi kisizidi gramu 2, na ni bora kiwe vidonge viwili vitatu vya risasi vilivyobanwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ndoano. Na jamani, acheni vipande vya kandambili! Kipande cha kandambili kinaelea kwa nguvu nyingi mno. Sato akifyonza chambo anahisi kitu kinamvuta kuelekea juu, anatema papo hapo. Chukua bua kavu la tete, nene kama penseli, refu kama kidole, ulifunge kwenye mshipi kwa vipete viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kisha ongeza risasi mpaka ibaki sentimita moja tu juu ya maji. Boya la namna hiyo halimpingi samaki.

Donge la chambo lilingane na punje ya hindi, lisizidi hapo. Ugali wa jana ukiukanda na unga mkavu wa ngano mpaka usinate vidoleni, unakaa kwenye ndoano dakika tano au zaidi. Ukivunjika kabla ya hapo, hukukanda vya kutosha. Nyungunyungu mkate vipande vya sentimita mbili. Ukimning'iniza mzima, sato atashika mkia na ndoano haitakuwa hata karibu na mdomo wake. Halafu usingoje boya lizame. Mara nyingi litakwenda pembeni polepole, au litalala, kwa kuwa samaki ameinua chambo na risasi pamoja. Hapo hapo inua mkono kwa kifundo tu, kama unayenyanyua kikombe. Anayevuta kwa bega zima anachana mdomo wa samaki na kuacha ndoano kwenye matete nyuma yake.

Baada ya hilo linakuja lingine: "Wakubwa wako mbali, kwenye magugu kuna vitoto tu." Mtu anasimama kwenye ukingo wenye yungiyungi, anatupa mshipi mita thelathini, anapitisha chambo juu ya vichwa vya samaki aliowafuata. Kwenye magugu ndiko kuna konokono, mabuu ya wadudu na utelezi wa kijani unaoota juu ya mabua, na sato dume huchimba kiota chake cha duara kwenye maji mafupi. Maji ya sentimita 60 hadi 120 yanatosha kabisa. Tafuta dirisha, yaani uwazi wa kama mita moja kati ya mimea, au njia wanayopita mitumbwi. Tumia mwanzi wa mita 3 hadi 4 wenye mshipi mfupi kidogo kuliko mwanzi wenyewe, ushushe chambo wima badala ya kurusha. Pima kina kwanza kwa kutundika risasi nzito kwenye ndoano, kisha weka chambo sentimita tano hadi kumi juu ya tope. Kama chini kumejaa magugu yaliyozama, weka chambo juu ya vilele vyake, la sivyo kitazikwa humo na hakuna samaki atakayekiona. Samaki akishika, mnyanyue juu moja kwa moja. Ukimburuta, mabua yatamshika na mshipi utakatika.

Ila tofautisha magugu na gugumaji. Wapo wanaosukuma mtumbwi katikati ya blanketi la gugumaji wakidhani kivuli kinawaficha samaki wengi. Chini ya blanketi pana hakuna mwanga wala hewa ya kutosha, na wanaostahimili huko ni kambale na kamongo, ambao hupanda juu kuvuta hewa. Sato anakaa pembeni mwa blanketi. Vua pembeni.

Jambo hilo hilo la hewa linawajibu wanaoamka saa kumi usiku wakidhani alfajiri ndiyo saa ya sato. Usiku mimea haitoi oksijeni, inaitumia, kwa hiyo kwenye ghuba ya maji mafupi yenye magugu mengi maji huwa na hewa kidogo kuliko wakati wowote karibu na alfajiri. Sato amezubaa. Isitoshe yeye ni mlaji wa mchana: tumbo lake huanza kumwaga asidi anapoanza kula asubuhi, na asidi hiyo hufika pH chini ya 2, kali ya kutosha kusaga miani, ule utelezi wa kijani, ambayo samaki wengi hawaiwezi. Lala. Njoo saa mbili asubuhi. Usiku mwachie kambale, na huyo ndiye wa kumwekea ndoano kubwa.

"Sato anakula watoto wake." Hii inatokana na kumwona jike akitema vifaranga au mayai ndani ya mtumbwi. Hakuwala. Jike wa sato hulea mayai kinywani, na vifaranga hurudi humo wakiona hatari. Muda huo, ambao ni kama wiki mbili, hali karibu chochote. Ukimpata wa namna hiyo, mrudishe majini mara moja, usimshike kwa kumbana kichwa. Yule ndugu yake mwenye tumbo jekundu, anayepatikana Ziwa Naivasha nchini Kenya, hana tabia hiyo: hutaga kwenye udongo au mawe, na jike na dume hulinda pamoja.

Kumwaga kilo ya pumba ili kuwaita samaki ni kuwashibisha. Donge moja la ukubwa wa yai kila nusu saa linatosha.

Kuzungumza hakufukuzi samaki. Sauti ya hewani karibu yote hugonga uso wa maji na kurudi. Kinachowafukuza ni kasia linalogonga ubao wa mtumbwi, kopo lililoangushwa, kishindo cha miguu ukingoni, na kivuli chako ukiwa umelipa jua mgongo.

Na hili lisikike vizuri: "Kichocho ni cha wanaokunywa maji ya ziwa, mimi naingia mpaka magotini tu." Kimelea cha kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache, na konokono wanaokitoa wanaishi kwenye magugu hayo hayo unayosimama katikati yake. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, saa zile zile sato anapokula vizuri. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Vua ukiwa nchi kavu, au kwenye mtumbwi, au vaa buti za mpira zinazopita kina cha maji, na mwanzi wa mita nne unakufikisha kwenye dirisha bila kulowa. Kama umekuwa ukiingia majini miaka yote hii, nenda ukapime choo na mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, hunywewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, na haizuii kuambukizwa tena ukirudi kusimama mahali pale pale.