Kiwanda kando ya msitu wa hifadhi: pingamizi la wakaazi lisikike lini, na liseme nini

Mwekezaji akija na ramani ya mashine za kusaga kokoto au tanuri la chokaa jirani na msitu wa hifadhi, haraka husikika maneno mjini kwamba wanakijiji wanapinga maendeleo. Si kweli, na sisi tunaofanya kazi ya tathmini za mazingira tunawajibika kulisema hilo bila kuzungukazunguka. Sheria ya Misitu ya Zanzibar Na. 10 ya 1996 ilizipa jamii nafasi ya kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza 2010 ulizifikisha shehia nyingi, yaani maeneo madogo ya utawala yanayoongozwa na sheha, za Unguja na Pemba kwenye mikataba hiyo. Watu walikaa, wakapanga sehemu ya kukata kuni na sehemu isiyoguswa. Aliyejinyima kuni kwa miaka ana haki ya kuuliza kwa nini leo mashine iruhusiwe kung'oa mawe palepale.

Lakini pingamizi lina wakati wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar Na. 3 ya 2015 inataka miradi yenye athari kubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kazi kuanza, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, ndiyo inayosimamia. Watu wengi hungoja mpaka katapila lishushwe kijijini, na hapo cheti cha mazingira kimeshatoka, mkopo umeshachukuliwa na vibarua wameshaandikwa. Wakati wenye faida zaidi ni ule wa mwanzo, mshauri elekezi, yaani mtaalamu anayeandaa tathmini, anapopita kuuliza ni mambo gani yachunguzwe. Jambo lisiloingia kwenye orodha yake pale, kwa kawaida halipimwi baadaye.

La kwanza la kulitia kwenye orodha hiyo ni maji. Unguja hatuna mto mkubwa wala ziwa la kutegemea. Tunakunywa kilichomo chini ya ardhi. Katika maeneo ya mawe, hasa upande wa mashariki na kusini, udongo ni mchache na jiwe lina matundu na mapango. Mvua ikinyesha haitiririki juu, inazama. Maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa sababu ni mepesi kuliko ya chumvi. Kiwanda kikivuta maji mengi, tabaka la maji matamu hupungua, chumvi ikapanda na visima vya jirani vikaharibika. Mafuta yakimwagika, hakuna udongo wa kutosha kuyachuja. Hupita kwenye nyufa hadi yalipo maji, na huenda yakatokea mbali na yalipomwagikia. Kwa hiyo mtu akiambiwa kiwanda kiko mbali na kisima, aulize maji ya chini yanaelekea wapi, na nani aliyepima.

Katika kikao kimoja kwenye skuli ya kusini Unguja, ramani ya mradi ilibandikwa ukutani, na pale palipokusudiwa matangi ya mafuta palionyeshwa kuwa ni kichaka kitupu. Bibi mmoja aliyekaa nyuma, kwenye mkeka, aliomba kusema. Alieleza kuwa chini ya kichaka kile pana pango, na kwamba wao waliteka maji humo kabla ya mfereji kufika kijijini. Asubuhi yake mshauri alipelekwa na vijana, akashuka kwa kamba, akayakuta maji. Ripoti ikabidi iandikwe upya. Vikao vingi huisha kwa "hatutaki" iliyopigiwa makofi. Maneno ya bibi yule yalikuwa na mahali pa kwenda kutazamwa, na hilo hakuna mtaalamu anayeweza kulipita.

La pili ni mpaka. Utasikia mara nyingi kwamba mradi uko nje ya hifadhi, kana kwamba hapo mazungumzo yameisha. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004, na 2016 UNESCO ikaiingiza katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Mpango wa hifadhi za aina hiyo unahesabu pia eneo la kinga linalozunguka kiini na eneo la mpito wanamoishi watu. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee duniani, hutoka msituni kwenda kula mashambani. Barabara ya Jozani ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, kima waligongwa sana na magari, na vifo vikapungua matuta yalipowekwa. Kelele, vumbi na malori ya kiwanda vipimwe kwa kipimo hicho hicho, hata kama uzio umesimama hatua chache nje ya alama ya hifadhi.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi wataalamu. Ripoti nyingi za tathmini huandikwa kwa Kiingereza, na mkulima wa mwani hawezi kupinga asichokielewa. Dai muhtasari wa Kiswahili kabla ya siku ya kikao, si siku hiyohiyo. Tazameni na tarehe. Kikao kikiwekwa asubuhi ya bamvua, maji yanapokupwa sana, kina mama wako pwani wanafunga mwani, na wao ndio watakaoanika mavuno yao chini ya vumbi la kokoto. Kamati ya shehia ina kila sababu ya kuandika barua kuomba siku nyingine, maji yakiwa mafu.

Hoja ziandikwe, zitiwe saini, nakala ibaki kwa sheha na nyingine kwa katibu wa kamati. Mkiahidiwa ajira, ombeni iandikwe ni kazi gani, kwa muda gani, na kwa watu wa shehia ipi. Na mradi ukipata cheti hata baada ya pingamizi, cheti huwa na masharti: saa za kazi, kumwagia maji barabara, kupima visima, kufukia mashimo. Ombeni nakala ya masharti hayo, na muwe na daftari la kuandika siku, saa na kilichotokea kila yanapovunjwa, ili mkaguzi akifika akute kumbukumbu ya kuanzia kazi.