Wiski ya mchanganyiko, na chupa iliyokaa wazi miaka

Kabatini kuna chupa ya wiski ya Scotland iliyofunguliwa zamani, imebaki robo. Mmoja atasema imechacha, mwingine atasema imezidi kuiva. Wote wamekosea.

Wiski ya mchanganyiko huunganisha aina mbili: ya kimea cha shayiri, inayokenekwa kwenye vyungu vya shaba, na ya nafaka nyingine, kwa kawaida ngano au mahindi, inayotoka kwenye mtambo wa minara ambao Aeneas Coffey aliupatia hataza mwaka 1830. Ya kimea huleta ladha, ya nafaka huilainisha. Kisheria zote hukaa kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Scotland miaka isiyopungua 3, na haziuzwi zikiwa chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Ikiandikwa miaka 12, huo ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo.

Na umri huo huhesabiwa pipani tu. Mti ndio unaotoa rangi na ile harufu ya vanila. Kioo hakitoi kitu. Ya miaka 12 iliyotiwa chupani 1985 ni ya miaka 12 mpaka leo.

Kuchacha nako ni habari ya mbege na tembo la mnazi, ambamo vijidudu bado vinafanya kazi. Kwenye asilimia 40 havifui dafu. Adui hapa ni hewa. Chupa iliyobaki robo ina robo tatu ya hewa, na oksijeni yake hubadilisha harufu polepole. Kizibo kikikauka, alkoholi nayo hutoroka. (Hata hivyo usiilaze chupa kama ya mvinyo: pombe kali hula kizibo.)

Mimina toti moja, uiache dakika chache, kisha nusa kabla ya kuonja. Harufu za matunda mara nyingi zimeshakimbia. Moshi, kama ulikuwepo, umebaki kwa mbali, kama kanga iliyoshinda jikoni jana. Ulimini haichomi sana, lakini pia haikai, ukimeza, imekwisha. Wapo wanaouita huo ulaini. Kwangu mimi imepooza tu, ingawa hainywewi kwa hofu, maana haidhuru zaidi kuliko ilipokuwa mpya.

Ukitaka iliyobaki isipooze zaidi, ihamishie kwenye kichupa kidogo kinachojaa hadi shingoni.